Soko la Nyangwe katika Picha: Historia, Hadithi za Katuni na Suala la Sauti

Utangulizi

Hadithi za katuni, yaani masimulizi yanayoendeshwa kwa mfululizo wa picha zilizotiwa maneno, zimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa burudani ya watoto na ya watu wasiopenda kusoma. Wasomaji wa Kiswahili hawakuyathibitisha maoni hayo. Juha Kalulu wa Edward Gitau nchini Kenya na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru nchini Tanzania walifuatwa na watu wazima, ambao katika vichekesho hivyo waliona hali ya maisha yao wenyewe. Hata hivyo, swali gumu zaidi limebaki: je, umbo hili laweza kubeba jambo zito lenye utata mwingi, kama vile mauaji ya halaiki, bila kulipunguza na kulifanya jepesi?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama Nyangwe, mji wa ukingo wa mashariki wa mto Lualaba katika Maniema ya kusini. Historia ya mji huo imeelezwa kwa picha tangu karne ya 19. Hoja ya makala ni kwamba picha moja peke yake ina nguvu kubwa ya kushtaki, lakini hueleza sababu kwa shida. Mfululizo wa picha waweza kuzieleza sababu, ila thamani yake hutegemea nani amepewa nafasi ya kusema ndani yake.

Soko na mauaji ya 1871

Katika miaka ya 1870 Nyangwe ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa waliotoka pwani na Unguja. Lakini mbali na biashara hiyo palikuwa na soko la wenyeji, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la wanawake. Walifika kutoka pande zote mbili za mto, wengi kwa mitumbwi, wakiwa na samaki, kuku, vyungu, chumvi na mazao ya mashamba. David Livingstone, aliyefika hapo mwishoni mwa Machi 1871, alikwama kwa miezi kadhaa kwa kukosa mitumbwi ya kuvukia. Alilizoea soko hilo na kuliandika kwa furaha.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki waliingia sokoni. Kulitokea mabishano juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikaanza kulia. Wanawake walikimbilia mitumbwi iliyojaa katika mkono mwembamba wa mto, na kundi jingine la watu lililokuwa karibu na maji likawafyatulia risasi. Wengi walikufa maji. Hesabu ambayo Livingstone alipewa na wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Siku hiyohiyo vijiji vya ng'ambo vilichomwa moto.

Sababu ya mauaji haikuwa kuku. Kwa mujibu wa maelezo ya Livingstone, mtumwa mmoja wa mfanyabiashara mwingine, aliyeitwa Manilla, alikuwa amefanya urafiki wa damu na wakuu wa ng'ambo ya mto. Watu wa Dugumbi na wa Mtagamoyo, waliokuwa wamefika hivi karibuni, walitaka kumwadhibu kwa kujipa haki hiyo na kuwaonyesha wenyeji kwamba urafiki wenye faida ni wao tu wa kuutoa. Hivyo chanzo kilikuwa ushindani wa biashara baina ya wageni, na waliolipa ni wanawake wa soko ambao hawakuwa upande wowote.

Kuna jambo jingine lisiloingia kwa urahisi katika masimulizi ya watu wema na watu wabaya. Dugumbi, ambaye watu wake walihusika, ndiye aliyetia watu katika mtumbwi mmoja ili waokoe waliokuwa wakizama, na waliookolewa walikuwa 21. Pia ndiye aliyemzuia Livingstone asiwapige wauaji kwa bastola, akimwonya asijiingize katika uadui wa damu.

Picha moja: mchoro wa 1874

Habari za Nyangwe zilifika Uingereza mwaka 1872 kwa barua za Livingstone zilizochukuliwa na Stanley. Zilitia nguvu kampeni iliyozaa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1874, baada ya Livingstone kufariki, shajara zake za mwisho zilichapishwa London zikiwa zimehaririwa na Horace Waller. Ndani yake uliwekwa mchoro wa ukurasa mzima unaoonyesha mauaji ya wanawake wa Nyangwe.

Mchoro huo ulitimiza kazi yake. Msomaji wa London ambaye hakujua Lualaba iko wapi aliweza kuona mara moja kwamba watu wasio na silaha wanauawa. Lakini mchoro hauna jana wala kesho. Hauonyeshi urafiki wa damu wa Manilla, wala ushindani wa biashara, wala mtumbwi uliookoa watu 21. Zaidi ya hayo, hakuna anayesema ndani yake. Wanawake wanaonekana wakifa, na habari yao inatolewa na mtu wa tatu.

Utafiti wa karne hii umeonyesha jinsi ukimya huo ulivyoficha mengi. Shajara ya Livingstone ya mwaka 1871 iliandikwa kwa wino wa mbegu za mmea juu ya kurasa za gazeti la Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa kuwa karatasi zilimwishia. Wino huo ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki vyema. Kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilizipiga picha karatasi hizo kwa mianga ya aina mbalimbali, na mwaka 2011 kikatoa maandishi yake. Palionekana tofauti baina ya yale yaliyoandikwa siku ile na yale yaliyochapishwa 1874. Watafiti walitoa hoja kwamba huenda baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Unguja, walihusika katika ghasia hizo. Kama ndivyo, mstari uliochorwa baina ya mtazamaji mwema na wauaji haukuwa mnyoofu kama mchoro ulivyofanya uonekane.

Picha ya ushindi

Dola Huru ya Kongo ilipopigana na wafanyabiashara hao kati ya 1892 na 1894, Nyangwe ilitekwa na Dhanis Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Tangu hapo Wabelgiji walikuwa na picha yao: askari mkombozi, Mwarabu mwenye kanzu, na mtumwa anayefunguliwa minyororo. Mnara wa waanzilishi wa Kongo uliojengwa Brussels mwaka 1921 uliitia picha hiyo katika jiwe. Maneno yake juu ya Waarabu yalizua ugomvi mrefu miongo mingi baadaye, hata yakafutwa.

Athari ya picha hiyo haikuishia Ulaya. Wengi wa waliobeba bunduki katika misafara ya pwani hawakuwa Waarabu kwa asili, na katika Maniema yenyewe watu wengi walikuwa wameshika mavazi, dini na lugha ya pwani, wakaitwa Waungwana. Ndio waliokieneza Kiswahili katika bonde la Lualaba, na aina ya Kiswahili iliyokua huko ikaitwa Kingwana. Chini ya utawala wa Kibelgiji, ambapo shule kwa sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa misheni, Waislamu wa Kasongo na Nyangwe walitazamwa kwa shaka. Picha iliyowachanganya mshambuliaji, mtumwa aliyepewa bunduki na mwenyeji aliyesilimu katika kanzu moja ilisaidia kuihalalisha shaka hiyo.

Hadithi za katuni za Kibelgiji zilirithi mtazamo wa namna hiyo kuhusu Kongo. Hadithi ya Hergé kuhusu safari ya Tintin nchini Kongo ilichapishwa kwa mfululizo kati ya 1930 na 1931. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani na kuwafundisha watoto Wakongo habari za nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la rangi la 1946 somo hilo liligeuzwa kuwa la hesabu. Badiliko hilo ni funzo kuhusu umbo lenyewe: maneno yaliweza kubadilishwa, lakini aliyesimama mbele ya darasa na kusema alibaki yuleyule. Kwa hiyo mfululizo wa picha na maneno hauleti wenyewe uadilifu. Watawala wa baada ya uhuru nao walilijua hilo, kwa maana mwaka 1977 maisha ya Mobutu yalitolewa kwa hadithi ya katuni iliyochapishwa Paris, iliyomsifu.

Picha za ukumbusho

Mfano wa karibu zaidi wa historia ya picha iliyotoka kwa Wakongo wenyewe si katuni kwa maana kamili, bali ni michoro ya rangi ya Shaba (Katanga). Katika miaka ya 1970 wachoraji wa miji ya migodi waliwauzia wafanyakazi picha za kutundika sebuleni. Baadhi zilihusu wafanyabiashara wa watumwa wakivamia vijiji, na nyingine utawala wa Kibelgiji, zikionyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya ofisa. Wenyewe waliziita picha za ukumbusho.

Neno hilo lina uzito. Katika Kiswahili ukumbusho hautaji tu kitu kilichopita, bali kitendo cha kumfanya mtu mwingine akumbuke. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walioichunguza sanaa hiyo, walieleza kwamba picha sebuleni ilikusudiwa kuanzisha mazungumzo: mgeni huuliza, mwenyeji husimulia, na mzee hurekebisha. Maelezo ya sababu, ambayo mchoro wa 1874 uliyakosa, yalitolewa kwa mdomo.

Mchoraji aliyeendeleza wazo hilo mbali kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya Zaire, tangu wakati wa mababu hadi wakati wake. Alichora juu ya nguo ya magunia ya unga, akatia maandishi mafupi ya Kifaransa, kisha akaisimulia kila picha kwa Kiswahili cha Shaba huku maneno yake yakinaswa kwenye kanda. Alijiita mwanahistoria. Fabian aliyachapisha mazungumzo hayo pamoja na picha mwaka 1996.

Katika kazi ya Tshibumba picha zinafuatana, na jambo moja hulijibu jingine. Mtazamaji anayetoka kwenye picha ya minyororo ya watumwa hafiki kwenye ukombozi, bali hufika kwenye minyororo ya wafungwa wa koloni. Ukatili wa wageni wa mashariki haufichwi, lakini pia hautumiwi kuwatakasa wageni wa magharibi. Hapo ndipo mfululizo unapofanya kazi ambayo picha moja haiwezi kuifanya.

Livingstone kuwa mhusika wa katuni

Hadithi za katuni kwa maana kamili zilipata mabwana wake nchini Kongo pia. Barly Baruti alizaliwa mwaka 1959 Kisangani, mji uliokua mahali ambapo Tippu Tip alikuwa gavana wa Dola Huru kuanzia 1887. Mwaka 2014 yeye na Christophe Cassiau-Haurie walitoa Madame Livingstone, hadithi ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza katika ziwa Tanganyika. Ofisa Mbelgiji anayetafuta meli ya Wajerumani anaongozwa na mtu chotara anayedai kuwa mwana wa Livingstone.

Hadithi hiyo haihusu soko la Nyangwe, lakini inageuza mpangilio wa zamani. Katika shajara na michoro, Livingstone hutazama na Mwafrika hutazamwa. Hapa jina lake linabebwa na Mwafrika anayeijua nchi kuliko ofisa, na ambaye maneno yake ndiyo yanayomfumbua macho mgeni. Kwa njia hiyo masuala ya ukoloni, uchotara na ya nani ana haki ya kurithi historia yanawafikia wasomaji wasiozoea tasnifu.

Hitimisho

Kwa mwandishi wa historia, ugumu wa Nyangwe ni kwamba mashahidi waliosikika zaidi ni wageni. Livingstone aliandika kwa Kiingereza. Tippu Tip, ambaye hakuwapo 1871 lakini baadaye aliitawala sehemu kubwa ya Maniema, aliyaacha maisha yake kwa Kiswahili, na ndiyo matini ya thamani kubwa kuliko zote kwa upande wa wafanyabiashara. Wanawake wa soko hawakuacha maandishi, wala majina yao hayakuandikwa na aliyewaona wakifa.

Msanii wa katuni atakayeishika habari hii hawezi kuukwepa upungufu huo, kwa sababu umbo lake linamdai aamue nani atasema, kwa lugha gani na kwa picha ngapi kabla risasi ya kwanza haijalia. Akianza na risasi, atakuwa ameurudia mchoro wa 1874. Akianza na mitumbwi ya asubuhi, bei za samaki, urafiki wa Manilla na wivu wa wapinzani wake, msomaji atazijua sababu kabla ya kuwaona waliokufa. Maneno atakayowapa wanawake yatakuwa ya kubuni, na uaminifu wa kazi yake utapimwa kwa namna yanavyolingana na yale yanayojulikana juu ya soko lao. Kiswahili cha Maniema, kilichoingia kwa misafara ileile na kikawa lugha ya wajukuu wa pande zote, kinafaa kuwa lugha ya mazungumzo hayo.