Uji wa limau

Uji wa limau ni uji wa unga wa nafaka uliotiwa maji ya limau ili uwe na ladha ya uchachu. Hunywewa asubuhi, hupewa wagonjwa wasio na hamu ya kula, na ukipikwa mzito kisha ukaachwa upoe, huliwa kwa kijiko kama kitindamlo. Watu wengi hutumia ndimu badala ya limau, ndiyo maana huitwa pia uji wa ndimu.

Kwa kawaida uji huu hutiwa sukari. Makala hii inahusu hasa ule usiotiwa sukari, unaopikwa kwa ajili ya watu wanaopaswa kupunguza sukari, wakiwemo wagonjwa wa kisukari. Uji wa namna hii hauna sukari ya kuongezwa, lakini unga wenyewe una wanga, na wanga huvunjwa tumboni na kuwa glukosi. Kwa sababu hiyo kiasi kinacholiwa kinapaswa kupimwa.

Katika Shinyanga na Geita

Mkoa wa Shinyanga una ukame zaidi kuliko Geita, na mtama, uwele na mahindi ni nafaka zinazojulikana sana huko. Wakazi wengi wa mikoa hiyo miwili ni Wasukuma. Mahali ambapo malimau ni haba, uchachu wa uji hupatikana kwa ukwaju au ubuyu, kwa kuwa mkwaju na mbuyu huvumilia ukame.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa nyingi za dukani zilikuwa adimu Tanzania, sukari ikiwemo, na familia nyingi zilikunywa uji bila sukari kwa kukosa. Siku hizi sukari hupatikana hata katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako chai ya sukari, soda na uji mtamu huuzwa kando ya machimbo. Mtu anayefanya kazi ya kuchimba hutumia nguvu nyingi na huenda asione madhara mapema. Hata hivyo kazi ngumu haimkingi mtu kabisa na kisukari.

Viungo

Kwa watu wanne:
- maji lita 1
- unga gramu 100 (wa mtama, ulezi au dona)
- maji ya limau vijiko 3 vya chakula, yaani karibu limau moja kubwa
- ganda la limau lililokwanguliwa, nusu kijiko cha chai
- chumvi kidogo sana
- mdalasini, iliki au tangawizi
- karanga zilizosagwa vijiko 2 vya chakula, kwa anayependa

Unga wa dona hufaa kuliko sembe kwa sababu haujaondolewa pumba, hivyo una nyuzinyuzi zaidi. Ulezi una kalisi nyingi kuliko mahindi.

Matayarisho

1. Limau huoshwa, kisha ganda lake la njano hukwanguliwa. Sehemu nyeupe iliyo chini yake huachwa kwa kuwa ni chungu.
2. Unga hukorogwa katika maji baridi kikombe kimoja mpaka mabonge yaishe.
3. Maji yaliyobaki huchemshwa pamoja na viungo vya harufu na chumvi. Mchanganyiko wa unga humiminwa taratibu huku ukikorogwa kwa mwiko.
4. Uji huachwa uchemke kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, ukikorogwa mara kwa mara. Karanga hutiwa katika dakika 5 za mwisho.
5. Sufuria huepuliwa, uji huachwa upoe kidogo, ndipo maji ya limau na ganda lililokwanguliwa huongezwa.

Limau hutiwa mwisho kwa sababu mbili. Kwanza, joto huharibu vitamini C. Pili, asidi ikichemka muda mrefu pamoja na wanga huuvunja, na uji huwa majimaji. Anayetaka maziwa ajue kwamba maziwa moto yakikutana na limau hukatika.

Ili kupata kitindamlo, maji hupunguzwa hadi nusu lita. Uji hugawanywa katika bakuli nne ndogo na kufunikwa. Ukipoa hushikana na kuwa mzito. Harufu ya mdalasini na ya ganda la limau huupa ladha inayokumbusha utamu, na chumvi kidogo hupunguza uchungu.

Sukari na kipimo

Gramu 100 za unga wa nafaka huwa na takriban gramu 75 za wanga. Uji wa kipimo kilichotajwa ukigawanywa sehemu nne, kila sehemu ina gramu 19 hivi, karibu sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari. Tofauti ni kwamba wanga wa unga usiokobolewa huja pamoja na nyuzinyuzi. Mtu akiongeza vijiko viwili vya chakula vya sukari, ambavyo ni kama gramu 25, kiasi hicho huzidi mara mbili. Kupunguza unga hupunguza wanga, na karanga huongeza mafuta na protini.

Asali haihesabiwi kuwa mbadala. Asali ya misitu ya miombo, kama ile ya Bukombe, ni chakula kizuri, lakini Shirika la Afya Duniani huiweka pamoja na sukari nyingine zinazopaswa kupunguzwa, sawa na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Mwongozo wake wa mwaka 2015 unashauri sukari hizo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo wa siku.

Limau lenyewe halitibu kisukari. Faida yake inayojulikana vizuri ni vitamini C. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwapa baadhi ya mabaharia wenye kiseyeye malimau na machungwa, nao wakapata nafuu haraka kuliko wenzao. Vitamini hiyo pia husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika nafaka.

Tahadhari

- Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari. Akitetemeka, akitokwa jasho au akichanganyikiwa, anahitaji sukari halisi mara moja ikiwa bado anaweza kumeza. Uji usio na sukari hautoshi wakati huo. Aliyezimia hapewi kitu mdomoni, bali hupelekwa hospitali.
- Mwenye kuharisha asipewe uji huu badala ya maji ya chumvi na sukari (ORS). Glukosi iliyomo katika ORS ndiyo husaidia utumbo kufyonza chumvi na maji.
- Limau huweza kuzidisha maumivu ya vidonda vya tumbo, kiungulia na vidonda vya mdomoni.
- Mtoto aliye chini ya miezi sita hulishwa maziwa ya mama pekee.
- Sufuria au kikaango kilichowahi kutumika kuchoma zebaki ya kusafishia dhahabu kisitumike kupikia tena. Kukisugua kwa limau au sabuni hakukifanyi kiwe salama.
- Mgonjwa asiache dawa kwa kuwa amebadili mlo. Kipimo cha dawa hubadilishwa na daktari baada ya kupima damu.

Tazama pia: limau, ndimu, ukwaju, ubuyu, ulezi, kisukari.