Klimatizeri ya gari ya zamani: kabla ya kulipa gazi, angalia tiyo za mvuto

Jua la saa saba linachoma, shofere anawasha klimatizeri, lakini hewa yote inapiga kioo cha mbele badala ya uso. Akipanda kilima inakimbilia kioo. Akiachilia aksileta inarudi. Hapa Kisangani wengi wanasema mara moja: gazi imeisha. Wanalipa gazi, na hewa inaendelea na mchezo wake.

Kwenye gari nyingi za zamani, kwa mfano Mercedes W124 iliyotoka tangu 1984, milango midogo ndani ya tablo inavutwa na hewa, si umeme. Injini ya esansi ikizunguka inafyonza hewa, na mvuto huo (mafundi wanaita depresio) unapita kwenye tiyo nyembamba mpaka kwenye membrani za mpira. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha, ndiyo maana imewekewa pompe yake. Ukikanyaga aksileta sana kwenye gari ya esansi mvuto unaanguka. Klape na bidoni ndogo ya akiba vinapaswa kuushika. Hewa ikihama kila kilima, hapo ndipo pa kuanzia: klape imechoka ao kuna tiyo iliyopasuka.

Kwenye gari nyingi mvuto ukikosa, hewa inaenda kwenye kioo, ili shofere aone njia. Lakini kwa unyevu wetu wa Tshopo, hewa baridi ikipiga kioo muda mrefu inaleta ukungu upande wa nje. Shofere anafuta ndani bure. Dawa ni kupitisha wiper.

Kutafuta ugonjwa hakuombi mashini kubwa. Injini ikiwa ralanti, zima vantilateri na usikilize nyuma ya tablo: sauti ya « sss » ni membrani ao tiyo inayovuja. Fundi mwenye geji anatafuta milimita 430 mpaka 560 za zebaki kwa injini ya esansi. Mji wetu uko mita 400 hivi juu ya bahari, basi kupungua kwa 30 hivi si ugonjwa. Asiye na geji anavuta tiyo ya membrani kwa mdomo, kisha anaziba kwa ulimi. Ikibaki imenata, membrani ni nzima. Klape inapulizwa: hewa ipite upande mmoja tu.

Mara nyingi ncha ya tiyo ndiyo imekauka na kupasuka. Inakatwa kidogo, inarudishwa. Tiyo ya serumu ya hospitali isiwekwe, ni laini na joto la injini linaiharibu. Na kumwaga esansi juu ya injini ya moto ili kutafuta uvujaji, hiyo ni kutafuta moto.

Jambo la kuharakisha ni freni, kwa sababu servo yake inakula mvuto uleule. Kwenye Mercedes nyingi za dizeli hata kuzima injini kunategemea mvuto: ufunguo umetoka, injini bado inanguruma. Kabla ya kushika barabara ya Bafwasende, zima injini, kanyaga freni mara tano, bakisha mguu pale, kisha washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, gari ibaki garaji.