Mambo Leo: Jarida la Idara ya Elimu na Mtindo Wake

Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa jijini Dar es Salaam toleo la kwanza la Mambo Leo, jarida la kila mwezi. Karne na ushei imepita. Sudan Kusini iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 imekuwa ikitafuta walimu wa Kiswahili, na maandishi watakayoyafundisha Juba yana mkono wa jarida hilo.

Halikuanza patupu. Mwaka 1888 wanafunzi wa shule ya Kiungani, Unguja, walikuwa na jarida lao, Msimulizi. Baadaye, bara chini ya Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ikachapa Kiongozi, mpaka Vita Vikuu vilipolizima mwaka 1916. Kichwa cha ukurasa wake wa mbele kilijieleza: “Habari kwa watu wote wa Deutsch-Ostafrika.” Msomaji alisemeshwa kwa Kiswahili, nchi yake ikaitwa kwa Kijerumani. Na yote kwa herufi za Kirumi, ilhali watu wa mwambao walikuwa wamezoea kuandikiana kwa herufi za Kiarabu.

Waingereza, walioitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani, waliurithi uamuzi huo wa herufi. Mkurugenzi wao wa elimu, Stanley Rivers-Smith, alikuwa ametokea Zanzibar alikoshika kazi hiyohiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha, katibu wake Frederick Johnson, ikaanza kusawazisha tahajia na kupitisha vitabu. Kanuni zilitoka kwenye Kamati. Mazoea ya kuzisoma mwezi hadi mwezi yalitoka kwenye jarida.

Nguvu yake ilikuwa katika safu za kudumu: habari za miji, barua, hadithi, mashairi. Karani wa Tabora na mwalimu wa Tanga walijua pa kupeleka walichoandika, na walijibizana humo kuhusu ustaarabu na maendeleo. Shaaban Robert alichapisha humo mashairi yake kabla jina lake halijavuma.

Lakini lilikuwa jarida la serikali, na mhariri ndiye aliyeamua kipi kipite. Ndiyo maana Erica Fiah alipoanzisha Kwetu mwaka 1937, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika, lilipata wasomaji waliokuwa na ya kusema yasiyopata nafasi kwingine.

Turudi Juba: mtaa wa Sherikat, ng’ambo ya Naili kutoka katikati ya Juba, iko jirani na njia ya Nimule inayoingiza bidhaa za Uganda, na Kiswahili pamoja nazo. Shule za huko zikitaka jarida lao, zianze na tahajia moja, safu zisizohamahama na ukurasa wa barua ambao mhariri hauogopi. Picha ya jalada ichaguliwe baada ya hayo.