Masizi ya London, Vumbi la Mererani

Mfanyakazi asiyejikinga na saratani ya kazini husemwa upesi: hana elimu, haogopi, hajipendi. Mimi naona historia inatusimulia vingine. Tuanze na masizi.

Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya saratani iliyowapata wasafisha madohani kwenye mfuko wa korodani. Wengi wao walianza kazi wakiwa watoto wadogo, maana ni mtoto tu aliyeweza kupenya kwenye njia nyembamba ya moshi. Masizi yaliwaganda mwilini, na saratani ikaja kujitokeza miaka mingi baadaye, ukubwani. Pott anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuihusisha saratani na kazi ya mtu. Lakini wasafishaji wenyewe walishakijua kidonda hicho. Walikiita chunjua la masizi! Kwa hiyo habari walikuwa nayo.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1778 chama cha wasafisha madohani wa Denmark kiliwahimiza wanachama wake waoge kila siku. Uingereza nako, mwaka 1788, ilitungwa sheria iliyotaka mtoto wa kazi hiyo aogeshwe walau mara moja kwa wiki, ila hapakuwa na wa kuisimamia. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1892, daktari mwingine wa London, Henry Butlin, alijiuliza kwa nini ugonjwa huo bado uliwasumbua Waingereza huku ukiwa nadra kwa wenzao wa Ulaya bara. Kumbe kule Ujerumani na nchi jirani, msafishaji alivaa nguo za kubana zilizomfunika mwili, na alipotoka kazini alioga. Si kwamba Mjerumani aliiogopa saratani kuliko Mwingereza. Kuoga kulikuwa desturi ya ufundi wake. Aliyejifunza kazi alijifunza na kuoga.

Nayasema haya nikiwaza kwetu Kansay, huku Karatu. Mvua ikikataa na mahindi na mbaazi zikikauka shambani, kijana hutafuta pa kwenda, na sehemu mojawapo ni Mererani, kwenye tanzanaiti. Huko ataitwa mwanaapolo. Atashuka shimoni, atachoronga mwamba, atalipua baruti, na vumbi atalivuta. Ndani ya vumbi hilo mna silika, ambayo tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Kabla ya saratani huja silikosisi, yaani mapafu kuwa na makovu, na kifua kikuu hupata njia.

Je, mwanaapolo haogopi? Anaogopa sana, tena kwa akili. Anaogopa maji, kwa sababu mafuriko ya mwaka 1998 na ya 2008 yaliua makumi ya wachimbaji mashimoni. Anaogopa mwamba kuporomoka na hewa kukatika. Hivyo humuua mtu leo. Vumbi linangoja miaka 20 au zaidi, wakati yeye posho anaitaka jioni hii. Wengi wa wachimbaji wadogo hawana mshahara. Wanalishwa na mwenye mgodi, na mgodi ukitema wanagawana. Ukisimamisha kazi kusubiri vumbi litulie, unajipunjia riziki na unawachelewesha wenzako. Barakoa nayo inabana pumzi kwenye joto lile.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Vizuri. Lakini mtu asiye na mkataba wala mshahara atamwambia nani, "wewe ndiye mwajiri wangu, nipe"? Hapo ndipo mtoto wa dohani na mwanaapolo wanapofanana: sheria ipo, msimamizi yuko mbali.

Ndiyo maana siyaamini sana mabango ya kutisha. Hofu ya saratani peke yake haijawahi kutosha. Kinachomsukuma mtu ajikinge ni mambo matatu ya kawaida kabisa: kinga iwe karibu na bila gharama, isimle muda wa riziki, na wenzake wawe wanafanya hivyo hivyo. Mashine ichoronge kwa maji, vumbi lilale pale pale linapozaliwa, na hapo hata asiyewahi kusikia neno silika atakuwa amekingwa. Mchimbaji mzoefu akimwambia mgeni, "Dogo, hapa hatuchorongi pakavu," ametoa somo ambalo bango haliwezi.

Wale wasafishaji wa Ulaya bara hawakuokolewa na ushujaa. Waliokolewa na maji, sabuni na desturi ya wenzao. Vijana wetu wanaoshuka shimoni wanastahili angalau hayo.