Macho ya Karani wa Mkonge

Kazi ya kukodolea macho vitu vidogo haikuletwa Korogwe na kompyuta. Ililetwa na mkonge. Richard Hindorf aliingiza miche nchini mwaka 1893, ikasalimika 62 tu. Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakahitaji watu wa kuhesabu kama yalivyohitaji wakataji. Enzi za Waingereza kibarua alikuwa na kipande, kadi ya viraba 30, kiraba kimoja kwa kila siku aliyomaliza kazi yake. Majani nayo yalifungwa mizigo ya thelathini thelathini, na hesabu yote ikaishia kwenye daftari, tarakimu ndogo za wino ndani ya mistari myembamba. Upande wa Handeni kazi ya namna hiyo ilikuwa ya boma na madaftari ya kodi, tangu Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898.

Makarani hao walichoka macho, sina shaka. Ila kazi yenyewe iliwapumzisha bila kukusudia. Majina yaliitwa nje alfajiri, mizigo ikahesabiwa shambani, na aliyeinua kichwa aliiona milima ya Usambara. Msuli ulio ndani ya jicho hujikaza tunapotazama karibu, hulegea tunapotazama mbali. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliuona uchovu wa kutazama karibu mwaka 1700 kwa mafundi wa kazi ndogondogo, akawashauri waache kazi mara kwa mara na kugeuzia macho kwingine. Mfumo wa kompyuta umeondoa safari hizo za nje na shambani: orodha, hesabu, barua na malipo vyote viko kwenye kioo kimoja, mbele ya kiti kimoja.

Kuna watakaosema nawapamba makarani wa zamani, watu wa koroboi. Ni kweli kwamba moshi wake uliwasha macho na mwanga wake ulikuwa hafifu. Lakini mwanga hafifu huchosha jicho, hauliharibu. Wengine watalaumu mwanga wa buluu wa kioo, na miwani ya kuuzuia inauzika kweli. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2023 yaliona kwamba, kwa muda mfupi, huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho kuliko ya kawaida. Kinachojulikana zaidi ni kwamba mtu aliyezama kwenye kioo hupepesa macho mara chache, machozi yakakauka, jicho likachoma kama lina mchanga. Feni inayompulizia usoni huzidisha.

Hoja nzito zaidi ni ya umri. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima wa miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri karibu, wanakijiji ambao wengi wao hawakuwa watu wa ofisi. Kwa hiyo mhasibu wa halmashauri wa miaka 48 anayesogeza karatasi mbali anahitaji kwanza miwani ya kusomea. Kijana wa stesheneri anayechapa barua za wateja toka asubuhi ana haja nyingine: kioo kisichoelekea mlango wenye jua, kikae chini kidogo ya usawa wa macho, na kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi. Mashine ya kurudufu ikiwekwa ukuta wa pili, atalazimika pia kuinuka.