Meltdown (udhaifu wa kompyuta)

Meltdown ni udhaifu wa kiusalama katika prosesa nyingi za kompyuta uliotangazwa tarehe 3 Januari 2018, pamoja na udhaifu mwingine unaofanana nao uitwao Spectre. Uliiwezesha programu ya kawaida kusoma kumbukumbu ya kiini cha mfumo wa uendeshaji bila ruhusa. Namba yake ya utambulisho ni CVE-2017-5754.

Jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya kuyeyuka, kwa kuwa udhaifu huu huyeyusha mpaka wa usalama unaolindwa na prosesa yenyewe.

Namna unavyofanya kazi

Kiini ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuzigawia programu kumbukumbu. Humo hupita data za programu zote, zikiwemo nywila na funguo za usimbaji. Ili kuongeza kasi, mifumo mingi iliweka anwani za kiini katika ramani ya kumbukumbu ya kila programu, ikitegemea prosesa kukataa maombi yasiyo na ruhusa.

Prosesa za kisasa hazisubiri amri moja ikamilike ndipo zianze nyingine. Hutekeleza amri zinazofuata mapema, na zisipohitajika matokeo yake hufutwa. Katika prosesa zenye udhaifu huu, data ya kiini iliweza kutumiwa na amri hizo kabla kosa la ruhusa halijashughulikiwa. Matokeo yalifutwa, lakini alama ilibaki katika kashe, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo ndani ya prosesa.

Mshambuliaji huandaa sehemu 256 za kumbukumbu, moja kwa kila thamani ya baiti. Baiti ya siri huamua ni sehemu ipi itakayoingia katika kashe. Kisha hupima muda wa kusoma kila sehemu. Ile inayosomwa haraka zaidi hufichua baiti hiyo. Kwa kurudia hatua hizo, siri husomwa baiti baada ya baiti. Meltdown hauwezeshi kubadilisha data, bali kuisoma tu.

Ugunduzi na athari

Udhaifu huu uligunduliwa na makundi matatu, kila moja kivyake: Jann Horn wa Google Project Zero, watafiti wa kampuni ya Cyberus Technology nchini Ujerumani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria.

Uliathiri prosesa nyingi za Intel, pamoja na baadhi ya zile za ARM na IBM. Prosesa za AMD hazikuathirika. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa seva ambazo wateja wengi hutumia kiini kimoja, kwani mteja mmoja angeweza kusoma data za mwingine.

Kinga

Mifumo ya uendeshaji ilirekebishwa kwa kutenganisha ramani ya kumbukumbu ya kiini na ile ya programu. Katika Linux njia hiyo huitwa KPTI, na ilitokana na KAISER, kazi ya watafiti wa Graz ya mwaka 2017. Microsoft na Apple pia zilitoa masasisho. Marekebisho hayo yalipunguza kasi ya baadhi ya kazi, hasa zile zinazoita kiini mara kwa mara, kama vile hifadhidata. Baadaye Intel ilitengeneza prosesa zenye kinga ndani yake. Kompyuta ya zamani yenye prosesa iliyoathirika, ambayo haijasasishwa, bado iko hatarini.