Korongo wa Natta na ile pete ya babu

Haya jamani, nimerudi. Kimya cha wiki tatu kilikuwa cha likizo, si cha kudisco kama wengine walivyoanza kusambaza pale vimbwetani. Nilikwenda nyumbani Natta, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Kwa asiyejua kwetu: unapanda basi la Musoma hapa Dar alfajiri, unasinzia mpaka shingo inapinda, unashuka Bunda na miguu imevimba, halafu unatafuta gari la kwenda Mugumu na kushuka kabla halijafika. Ukiona vumbi limeisha na matope yameanza, ujue masika yameingia.

Nilikwenda na mzigo. Kuna insha ya historia ya mazingira tuliyopewa: chagua chanzo kimoja cha historia, ukichambue. Wenzangu wamechukua barua za wamisionari, ripoti za madisii, na mmoja amechukua ramani ya Wajerumani. Mimi nikasema nitaandika juu ya ndege. Mhadhiri akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Ndege kama chanzo, au ndege kama kichwa cha habari?" Nikajibu chanzo. Kusema kweli sikujua tofauti yake ni nini, nilijibu tu ili nikae chini.

Chini ya kijiji chetu kuna mbuga. Simaanishi mbuga ya wanyama ya kwenye kalenda. Mbuga kwetu ni ule udongo mweusi wa bondeni, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, na masika unageuka ziwa la magotini lenye majani. Maji yake mwishowe huenda Mto Grumeti, na Grumeti humwaga Ziwa Victoria. Babu yangu ameangalia mbuga ile jioni tangu utoto wake, kwanza kama mchunga ndama, baadaye kama mwindaji, na sasa kama mzee mwenye kigoda na fimbo. Jicho lake la kushoto limeshafunikwa na mtoto wa jicho. La kulia linaona ndege wakiwa wengi. Akiwa mmoja, ananiuliza mimi.

Basi kila jioni kama saa kumi na moja na nusu tulikuwa tunatelemka wawili, yeye na kigoda mimi nimekibeba, mimi na daftari. Darubini sina. Niliazima ya jamaa mmoja anayetembeza watalii, kioo kimoja kina ukungu, kwa hiyo tukawa sawa mimi na babu, jicho moja moja.

Yangeyange wapo mwaka mzima, hao hawana habari. Fundi chuma naye ni mwenyeji, na kile kiota chake kama gunia la kuni. Kwarara wakipita unawasikia kabla hujawaona. Lakini jioni ya tatu walishuka korongo weupe, wenye mbawa nyeusi nyuma na midomo na miguu myekundu. Nilihesabu 140 nikapotea hesabu. Walitua majini pembeni, wengine juu ya migunga, kimya. Korongo huyu hana sauti ya kuimba, hugonga mdomo tu, na hata huko kugonga hufanya zaidi akiwa kwenye kiota chake. Na kiota chake hakiko Natta.

"Hao wageni," babu akasema. "Kesho kutwa hutawaona."

"Wanakwenda wapi babu?"

"Wanakwenda kuzaa. Mimi sijawahi kuona yai lake wala kinda lake. Ndege ambaye hujaona kinda lake ana kwao kwingine."

Jamani, hebu isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Wasomi wa Ulaya walihangaika na jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, wakiwa hawana manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Sweden, alichapisha kitabu chenye habari kwamba wavuvi wa kaskazini huvua mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya barafu. Na Charles Morton, Mwingereza wa karne ya 17, alisema ndege hao huenda mwezini, safari ya siku 60! Msicheke sana. Ukiwa Ulaya unaona ndege wametoweka Septemba na kurudi Aprili, na hujui mtu yeyote wa upande wa pili, mwezi na Afrika vinaweza kuwa mbali sawa.

Jibu lilifika mwaka 1822. Karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, walimpiga risasi korongo mweupe, na shingoni mwake alikuwa amechomwa na mshale uliopita upande wa pili, mrefu zaidi ya sentimita 70. Wataalamu wakauchunguza: mti wake ni wa Afrika. Yaani ndege alipigwa huku, hakufa, akaruka na ule mti shingoni maelfu ya kilomita mpaka kiotani kwake, akaja kufa kwa bunduki. Wajerumani wana hata neno la korongo wa namna hiyo, Pfeilstorch, yaani korongo wa mshale, kwa sababu wamewahi kuorodhesha takriban 25. Huyu wa 1822 wamemkausha, yupo Chuo Kikuu cha Rostock mpaka leo.

Hapa ndipo nilipokaa sana na daftari langu. Korongo ana jumba la kumtunza. Jina la kijiji alipopigwa kwa bunduki lipo. Aliyerusha mshale je? Hakuna. Hatujui kabila, mto wala mwaka. Mtu aliyetoa ushahidi wa kwanza wa kushikika kwamba korongo wa Ulaya huja Afrika ni mwindaji aliyekwenda nyumbani siku ile akiwa amekasirika kwamba amekosa kitoweo na mshale umepotea. Sidai alikuwa mtu wa kwetu, maana nitachekwa. Ila kwetu ni watu wa upinde. Hata hadithi ya asili ya Wanatta inaanza na mwanamume mwindaji, Nyamunywa, na mwanamke mkulima, Nyasigonko. Nikimsomea babu habari ya Klütz, alichouliza kwanza ni: "Mshale ulikuwa na sumu?" Nikasema haijaandikwa. Akasema, "Haukuwa na sumu. Wenye sumu asingefika popote." Hiyo nimeiweka kwenye insha.

Baada ya mishale zikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliwavisha kwezi 165 pete za aluminiamu zenye namba na anwani pale Viborg. Mwaka 1901 Johannes Thienemann akafungua kituo cha ndege Rossitten, kwenye ufuko wa Baltiki, na muda si mrefu korongo wakaanza kuvishwa pete kwa wingi. Mwingereza John Masefield, mwanasheria wa Staffordshire, alimvisha mbayuwayu pete Mei 1911. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kazi nzima ilitegemea kitu kimoja: mtu wa upande wa pili aokote pete, aweze kuisoma, na awe na njia ya kuirudisha.

Nilikuwa namweleza babu hayo jioni ya nne, mbu wameshaanza. Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayetaja deni la zamani, "Mimi nilikuwa nayo."

"Nini babu?"

"Hiyo pete."

Akanisimulia. Alikuwa kijana, hajaoa, miaka michache baada ya uhuru. Kulikuwa na njaa ya nyama, akapiga korongo pale pale mbugani. Mguuni alikuwa na chuma chepesi cheupe kama bati, kimezunguka, kina maandishi. Babu alikuwa hajui kusoma wakati huo. Alijifunza kwenye elimu ya watu wazima, miaka ya 1970. Aliogopa kidogo, akadhani ni ndege wa serikali. Hakumwambia mtu. Alipooa akampa bibi, naye akaifunga kwenye kamba ya kibuyu cha maziwa kama pambo. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, walihama. Kibuyu kilivunjika njiani, vitu vikawa vingi, watoto wanalia, na hakuna aliyeikumbuka pete mpaka wameshafika.

Nikamwuliza mara tatu, kwa njia tofauti kama tulivyofundishwa, maandishi yalikuwaje. Akasema herufi ya kwanza ilikuwa kama pembe mbili za ng'ombe. Akaichora kwa fimbo kwenye tope: V.

Sasa, vituo vya Ujerumani huitwa Vogelwarte. Kile cha Rossitten kilipokufa baada ya vita, kazi yake ilihamia Radolfzell mwaka 1946, na kilikuwa kinavisha korongo. Moyo ulinidunda, sikatai. Lakini dakika tano kabla nilikuwa nimemtajia mambo ya Wajerumani, na babu ni mtu anayependa kumfurahisha mjukuu wake. Inawezekana pia alishika pete kichwa chini na kilikuwa A. Chanzo kimoja, kumbukumbu ya miaka sitini, msimuliaji ananipenda. Kwa mhadhiri yeyote hiyo ni karata mbovu.

Korongo waliondoka asubuhi ya pili yake. Hawaondoki jioni, hilo nilikuwa sijui. Wanasubiri jua lichemshe ardhi, kama saa nne hivi, halafu wanapanda na hewa ya moto wakizunguka, mbawa hazipigi kabisa. Ndiyo maana hawavuki Bahari ya Mediterania katikati. Juu ya maji hewa hiyo hakuna, kwa hiyo wanafuata bonde la Nile, Sinai, wanavukia Bosphorus. Huko wanakokwenda ndiyo kwanza majani yanachipua. Wale wa kule wakiwaona juu ya paa wanasema majira yamebadilika. Sisi tukiwaona wameondoka tunajua masika yamekolea, palizi imefika. Ndege ni yule yule.

Nikiwa huko nilisoma pia habari za Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, Usambara, kuanzia 1928 hadi 1946. Ndiye aliyekuja kuandika kitabu kikubwa cha safari za ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilichotoka 1972 yeye ameshafariki. Alikadiria ndege wa nchi kavu wanaokuja Afrika kila mwaka kuwa bilioni 5. (Hesabu iliyochapishwa 2009 iliwapata kama bilioni 2.1, ingawa haikuhesabu aina zote zile zile.) Kuna ndege wana jina lake, na mmoja wa milima ya Uluguru ana jina la mkewe, Winifred. Msaidizi wake mkuu porini alikuwa Salimu Asmani. Je, umewahi kumsikia? Mimi sikuwahi, na nimesoma shule za Tanzania maisha yangu yote. Jali Makawa, aliyemfanyia kazi Con Benson huko Nyasaland na Zambia, alipata bahati zaidi: ndege aliyepatikana Zambia mwaka 1964 aliitwa makawai kwa heshima yake. Ila ndege mwenyewe alikamatwa mmoja tu, na hajaonekana tena hadi leo. Hata heshima nayo ikaja na mkosi.

Nimerudi chuoni, juzi nikawasilisha rasimu kwenye semina. Swali lilikuja lile lile nililolitegemea: chanzo chako kiko wapi? Jamaa mmoja wa nyuma akaongeza, "Kilivunjika na kibuyu," watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilichekesha. Nikajibu kwamba wazee wa fani hii hapa nchini, kina Kimambo na Ranger miaka ya 1960, walipigania simulizi ziingie kwenye historia wakati wengi wakiona Afrika haina maandishi kwa hiyo haina historia. Na kwetu kwenyewe Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa Natta, Ikoma, Isenye na Ngoreme miaka ya 1990, akaandika kitabu kizima, kilichotoka 2007, juu ya jinsi wanavyoikumbuka ardhi ya Serengeti. Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali, halafu akasema simulizi nayo huhojiwa kama barua ya disii, si kubembelezwa. Ana haki. Nilikuwa nambembeleza babu.

Kwa hiyo nimeandika upya. Ile V nimeiacha, na maelezo kwamba niliuliza vibaya, nikimtajia Wajerumani kwanza. Hoja ya kinda nimeipeleka mbele, kwa sababu hiyo babu aliisema kabla sijafungua mdomo. Nimemwandikia pia barua pepe mtu wa Radolfzell kuuliza kama kumbukumbu zao zinaonyesha pete za korongo zilizorudishwa kutoka mkoa wa Mara miaka ya 1960. Ya babu haitakuwemo, najua. Lakini kama kuna ya jirani?

Boom likitoka natuma nauli babu apelekwe Musoma kuonwa jicho la kulia kabla nalo halijafunga. Shangazi amekubali kumsindikiza. Insha inakusanywa Ijumaa, kurasa kumi na moja. Babu yupo ukurasa wa nne, mshale wa Klütz ukurasa wa tano.